Redio ya mrejesho ya valvu mbili ikigoma: kutoka dalili hadi chanzo

Redio ya mrejesho, ile inayorudisha sehemu ya mawimbi iliyoyakuza kwenye koili yake ili iyakuze tena, ina vipuri vichache, na kwa sababu hiyohiyo kila kipuri kimebebeshwa kazi mbili au tatu. Kapasita moja ya skrini (gridi ya pili ya valvu) ikifa, valvu inaacha kutetema, yaani kuzalisha mawimbi yake yenyewe, na ukiitazama redio kwa nje utadhani valvu ndiyo imekwisha. Aliyezoea redio za transista hukimbilia kubadilisha valvu. Valvu iache mwisho. Makosa mengi yanakaa kwenye koili, kwenye pini za soketi na kwenye nyaya za ethi.

Namba zote hapa chini ni za saketi hii. 6AU6 (jina lake la Ulaya ni EF94) ndiyo kigunduzi (hatua inayotoa sauti kwenye mawimbi), ECC82 inakuza sauti kwa hatua mbili. Laini ya umeme mkubwa ni 150 V, inashikiliwa na valvu ya gesi 0A2. Koili ya bendi ya mita 40 (masafa ya 7 MHz) ni raundi 10 zilizobanana za waya wa shaba wenye vanishi wa 0.6 mm (fundi wa kusuka mota anao), juu ya bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha 32 mm. Hiyo ni karibu 4.8 µH, nayo inataka jumla ya kama 107 pF ili ifike 7.0 MHz. Kathodi imefungwa kwenye tawi (waya uliolehemewa katikati ya koili) lililo raundi 1 kutoka upande wa chasisi. Gridi ina 100 pF na 2.2 MΩ. Anodi ina 220 pF kwenda chasisi, kisha choki ya 2.5 mH, kisha mzigo wa 100 kΩ. Mrejesho unarekebishwa kwa volyumu (rezista ya kuzungusha) ya 50 kΩ inayolisha skrini, juu yake kuna rezista ya 100 kΩ, kwa hiyo skrini inapata kati ya 0 na 50 V. Kwenye ECC82, nusu ya kwanza ina 47 kΩ kwenye anodi na 1.5 kΩ kwenye kathodi. Nusu ya pili ina 1 kΩ kwenye kathodi na inaendesha hedifoni za 32 Ω kupitia transfoma ndogo ya 230/12 V, upande wa 230 V ukiwa kwenye anodi. Hita za valvu zote mbili zimefungwa kwa mfululizo kwenye 12 V, kila moja ikichukua 0.3 A.

Umeme unatoka kwenye transfoma mbili za 230/12 V zilizopeana migongo: ya kwanza inashusha na kulisha hita, ya pili inapandisha tena. Baada ya diodi nne za 1N4007 na kapasita ya 47 µF 400 V unapata kama 250 V. Kutoka hapo 4.7 kΩ ya wati 5 inapeleka kwenye 0A2.

250 V za DC zinaua. Weka rezista ya 220 kΩ ya wati 1 sambamba na kapasita ya kuchujia, ibaki hapo siku zote. Ukizima, subiri dakika moja, pima kwa mita, ndipo uingize mkono. Na usifunge hedifoni moja kwa moja kwenye anodi, hata kama mchoro wa zamani unaonyesha hivyo. Michoro hiyo ni ya hedifoni za 2000 Ω na betri, na hata wakati huo watu walirushwa.

Kimya kabisa

Anzia masikioni, urudi nyuma kuelekea antena. Kwanza tazama 0A2: isipowaka, ama 250 V hazifiki, ama kuna shoti kwenye laini ya 150 V. Kisha pima hita. Hapa kuna kosa ambalo karibu kila mjenzi hulifanya mara moja. ECC82 ina hita mbili ndani yake. Ili itumie 6.3 V, pini 4 na 5 zinaunganishwa pamoja kuwa upande mmoja, na pini 9 ni upande wa pili. Ukitumia 4 na 5 peke yake, ukaiacha 9 ikielea, ECC82 itanyakua zaidi ya 9 V na kuiachia 6AU6 chini ya 3 V. Hakuna kitakachoungua, ila 6AU6 itabaki baridi na redio bubu. Kila hita iwe na takriban 6 V.

Hita zikiwa sawa, pima ECC82 kutoka chasisi: pini 1 karibu 70 V, pini 3 karibu 2.5 V, pini 6 karibu 148 V, pini 8 karibu 5 V. Ukikuta pini 8 ina sifuri wakati pini 6 ina 150 V kamili, nusu ile haipitishi mkondo. Ukikuta pini 6 ina sifuri, waya wa transfoma ya hedifoni umekatika. Volti chanya kwenye pini 7, hata 1 V tu, maana yake kapasita ya kuunganishia inavuja, na hii ni kawaida kwa kapasita za karatasi zilizong'olewa kwenye redio kuukuu. Tupa, weka mpya ya 10 nF 400 V.

Volti zikiwa sawa na bado kimya, chukua simu inayopiga muziki, toa sauti kwenye tundu la hedifoni kupitia kapasita ya 100 nF 400 V, gusisha kwenye pini 7, halafu pini 2. Sauti ikitoka kwa pini 7 na isitoke kwa pini 2, umeshajua nusu ipi ina ugonjwa.

Sauti ipo, lakini valvu haitetemi

Bila mtetemo hakuna Morse, hakuna SSB (mazungumzo yanayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi), na hata matangazo ya kawaida yanakuja kwa mbali sana. Namna ya kujua: fungua volyumu ya mrejesho yote, kisha gusa kwa kidole kilicholowa sahani zisizozunguka za kapasita ya kuchagulia. Hapo hakuna umeme mkubwa, kwa kuwa koili inapeleka chasisi, ila hakikisha mkono mwingine uko mfukoni. Valvu inayotetema itatoa "tok!" unapogusa na nyingine unapoachia. Isiyotetema itatoa mngurumo tu au isitoe kitu. Ukiwa na redio ndogo ya masafa mafupi, iweke karibu na uizungushe kuanzia 6.5 hadi 8 MHz. Mahali ambapo kelele yake inazimika ghafla ndipo kigunduzi chako kilipo. Wakati mwingine utakuta kinatetema vizuri sana, ila kiko 6.2 MHz, na kosa ni idadi ya raundi.

Ikiwa kweli haitetemi, pima skrini, pini 6 ya 6AU6. Ukitumia mita ya mshale ya bei rahisi itakudanganya, kwa sababu yenyewe inanyonya mkondo na volti zinashuka. Tumia ya dijitali. Volyumu ikiwa juu kabisa unatakiwa kuona karibu 50 V au pungufu kidogo. Zikiwepo, angalia kapasita ya 0.1 µF inayotoka pini 6 kwenda chasisi. Katika saketi hii skrini ndiyo inayofanya kazi ya anodi kwa upande wa mtetemo, kwa hiyo lazima kwa redio frikwensi iwe chini kabisa, kama imefungwa kwenye chasisi. Kapasita yenye miguu ya sentimita 5 si chini kabisa. Kata miguu iwe milimita chache, lehemu kwenye soketi yenyewe.

Halafu tawi. Limehesabiwa kutoka upande gani? Raundi 1 kutoka chasisi, siyo kutoka gridi. Na angalia kwa miwani au kwa kamera ya simu pale ulipokwangua vanishi. Kisu kikiteleza kinakwangua raundi mbili jirani, risasi inaingia katikati, na raundi iliyopigwa shoti inaua nguvu ya koili nzima hata kama mita inaonyesha waya mzima. Kwangua raundi moja tu ukiwa umeinyanyua kwa kijiti cha kiberiti, upande wa juu peke yake.

Kisha soketi. Pini 2 ya 6AU6 ni gridi ya tatu. Iende chasisi, isiachwe ikielea. Na hapa ndipo wanaponaswa waliokosa 6AU6 wakachomeka 6AK5 kwa kuwa soketi ni ileile ya pini 7. Katika 6AK5, pini 2 na 7 zimeunganishwa ndani ya kioo. Pini 2 ikiwa chasisi, kathodi nayo iko chasisi, tawi limepigwa shoti, na redio haitatetema hata ukeshe. Tena hita yake inachukua 0.175 A, kwa hiyo kwenye mfululizo wa 0.3 A itapata karibu 8 V na maisha yake yatakuwa mafupi. 6BA6 inaingia bila kubadilisha waya wowote.

Kama umejenga ile aina yenye koili ya pili badala ya tawi, jaribio la kwanza ni kugeuza ncha mbili za koili hiyo. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Antena nayo inaweza kuzima mtetemo. Itoe. Redio ikianza kutetema bila antena, valvu haina tatizo. Tutairudia mbele.

Inatetema kwa kishindo

Huu ndio ugonjwa unaostahili muda wako, kwa sababu redio "inafanya kazi" na mwenyewe ameridhika, kumbe anapata nusu ya uwezo wake. Redio nzuri huingia kwenye mtetemo kwa mnong'ono: kelele inapanda pole pole, kisha "fyuu" laini. Mbaya inaingia kwa kishindo, na ukirudisha volyumu haitoki pale ilipoingilia, inatoka nyuma zaidi. Weka alama ya penseli kwenye paneli pale inapoingia na pale inapotoka. Alama zikiachana zaidi ya upana wa kucha, rekebisha.

Pima skrini pale mtetemo unapoanzia. Lengo ni 25 hadi 35 V. Ikianza kwa 10 V, mrejesho umezidi: tawi liko juu mno, na valvu inaendeshwa kwa skrini yenye njaa, kwa hiyo inakuza kidogo na sauti inapasuka. Shusha tawi kwa nusu raundi, yaani kwangua upande wa pili wa bomba. Ikianza kwa 45 V au isianze, pandisha nusu raundi. Baada ya kila badiliko pima upya na uweke alama upya. Ni kazi ya jioni nzima na hakuna njia ya mkato.

Tawi likiwa sawa na kishindo kipo bado, shughulikia gridi: jaribu 1 MΩ na 4.7 MΩ mahali pa 2.2 MΩ. Valvu hazifanani, hata za sanduku moja. Volyumu inayokwaruza unapoizungusha dawa yake ni 1 µF ya plastiki kutoka mguu wake wa kati kwenda chasisi. Ikikwaruza bado, njia yake ya kaboni imelika, nunua nyingine.

Yowe, na put-put-put

Yowe jembamba linalotokea tu mrejesho ukifunguliwa sana linatoka kwenye gridi: kapasita inajaa haraka kuliko rezista inavyoweza kuitoa, na valvu inajizima na kujiwasha maelfu ya mara kwa sekunde. Punguza rezista hadi 1 MΩ, au kapasita hadi 47 pF. Yowe linalotokea palepale mtetemo unapoanza ni ugonjwa wa wenye transfoma ya sauti kati ya kigunduzi na hatua inayofuata. Rezista ya 100 hadi 220 kΩ sambamba na upande wake wa pili hulituliza.

Sauti ya put-put-put kama bodaboda inayosubiri abiria ni kitu kingine. Hatua za sauti zinasemezana kupitia laini ya umeme. Kipe kigunduzi laini yake: 10 kΩ kutoka 150 V, kisha 22 µF 250 V kwenda chasisi, ndipo mzigo wa 100 kΩ na volyumu ya skrini. Usifunge kapasita kubwa sambamba na 0A2 yenyewe, zaidi ya 0.1 µF itaanza kutetema kivyake.

Na simu ya kitochi ikiwa mezani, trrr-trrr-trrr unayosikia ni ya simu.

Mngurumo

Kabla ya kununua chochote, tambua ni mngurumo upi. Zima mrejesho kabisa. Ukibaki palepale, uko kwenye sauti au kwenye umeme. Ukitoweka, uko kwenye kigunduzi.

Mngurumo wa 100 Hz, ule mkali kidogo, ni kapasita ya kuchujia iliyokauka. Ongeza 47 µF nyingine kwa muda usikilize. Wa 50 Hz, mzito, mara nyingi ni hita. Kathodi ya 6AU6 haiko chasisi moja kwa moja, iko kwenye tawi, kwa hiyo uchafu wowote unaovuja kutoka hita unaingia kwenye mtetemo. Jaribio lake ni tamu: redio ikinguruma, chomoa waya wa hita. Kathodi inabaki na joto kwa sekunde kadhaa na redio inaendelea kusikika. Mngurumo ukikatika papo hapo, mwizi ni hita. Panga mfululizo hivi: 12 V iingie ECC82 kwanza, 6AU6 iwe upande wa chasisi. Isipotosha, lisha hita kwa betri ya sola ya 12 V, mngurumo huo utakwisha kabisa. Ila betri ikiwa inachajiwa inafika 14.4 V, na hita hazipendi kuzidi asilimia 10. Diodi mbili za 1N4007 kwa mfululizo zinakula kama 1.5 V, zitoe jua likizama.

Mngurumo wa tatu ndio unaowachanganya watu: hausikiki popote isipokuwa redio inapotetema, na unakuwa mkubwa mahali fulani pa dayo (kipimo cha masafa kwenye paneli). Hauko kwenye umeme wako kwa maana ya kawaida. Kigunduzi kinachotetema ni kirushio kidogo. Mawimbi yake yanatoka, yanaingia kwenye nyaya za nyumba, yanakatwakatwa na diodi mara 100 kwa sekunde, yanarudi kwenye koili yakiwa na mngurumo mgongoni. Kapasita za kuchujia haziwezi kuuondoa hata ukiweka ndoo nzima. Weka 10 nF 1 kV sambamba na kila diodi, peleka umeme mbali na koili angalau nusu mita, na ipe redio ethi yake.

Kwa kuwa inarusha, usiiunganishe na antena kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Kurusha kwa makusudi kunataka leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) na ishara ya wito inayoanza na 5H. Kurusha kwa bahati mbaya kunamkera tu mwenzako anayesikiliza masafa yaleyale.

Mkono ukisogea, stesheni inakimbia

Paneli ya mbele iwe ya alumini na iunganishwe na chasisi kwa skrubu zilizokwanguliwa rangi. Sahani zinazozunguka za kapasita ziwe ndizo za chasisi, zisizozunguka ziende kwenye koili. Waliogeuza hapo wanashika umeme wa redio kila wakishika kitufe. Kama yote ni sawa na mkono bado unavuta, tatizo ni ethi. Udongo wa majivu ya volkano chini ya Meru na Kilimanjaro unakauka sana Januari na Februari, na nondo ya mita moja inakuwa kama haipo. Mwaga ndoo ya maji, au achana na nondo, tandaza waya wa mita 10 chini kama mwenzi wa antena.

Kuhama taratibu bila kuguswa kuna sababu mbili kubwa. Joto: ipe redio dakika 30, na usiku wa Juni na Julai Arusha uongeze kidogo. Koili: raundi zilizolegea zinatembea. Zifunge kwa rangi ya kucha, matone matatu yanatosha. Usisuke juu ya kadibodi, masika itaivimbisha. Kuruka kwa ghafla kila friji ya jirani inapowaka maana yake 0A2 imezimika kwa sababu umeme umeshuka. Punguza 4.7 kΩ hadi 3.9 kΩ.

Ukitaka kuzungusha bila kujichosha, usifunge kapasita ya 365 pF moja kwa moja kwenye koili. Weka 15 pF kwa mfululizo nayo, na pikofaradi zilizobaki zijazwe na kapasita ya pembeni. Hapo mzunguko mzima wa kitufe unafunika kama 250 kHz, kuanzia 7.0 hadi juu kidogo ya 7.2 MHz.

Stesheni moja inafunika zote, au sehemu nyingine ni bubu

Kuanzia saa 1 usiku, juu ya 7.2 MHz kuna matangazo ya kimataifa yenye nguvu, nayo yanaburuta kigunduzi: sauti ya Morse inayumba au mtu wa SSB anasikika kama bata. Antena imebana mno. Sokota nyaya mbili zenye plastiki kwa sentimita 2 badala ya kapasita ya antena, hiyo ni pikofaradi chache tu. Au weka volyumu ya 1 kΩ kati ya antena na ethi, uchukue mguu wa kati. Kwa SSB fungua mrejesho kupita pale unapoanza, usikae ukingoni. Ukingo ni wa Morse dhaifu.

Mahali pa dayo ambapo mtetemo unakufa kisha unafufuka ni antena inayonyonya kwenye masafa yake. Legeza muunganisho uleule, au ongeza mita mbili za waya, sehemu bubu itahama. Ikiganda palepale hata bila antena, ni choki ya 2.5 mH. Badilisha na ya aina nyingine.

Unahitaji kitu cha kujipimia? 7.074 MHz ni ya FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa na kompyuta kwa redio), na usiku huwa hai: filimbi nyingi nyembamba zinazopiga pamoja, zikianza na kukatika kila sekunde 15. Wengi huidhania ni hitilafu. Ukiisikia imetulia bila kuyumba, umeme wako na koili yako viko sawa.

Kelele isiyo ya redio

Mikwaruzo mikubwa Machi hadi Mei ni radi za masika, hakuna kapasita inayoitibu. Chomoa antena wingu likijikusanya. Zilizobaki ni za mtaa: taa za LED, chaja za simu, vidhibiti vya sola. Anayekaa mtaani Majengo atazisikia zaidi kuliko aliyetundika waya kati ya migrevilea kule Kibosho. Umeme ukikatika mtaa mzima, usilalamike. Hapo ndipo pa kupima: hita kwa betri ya sola, umeme mkubwa kwa betri 10 za 9 V zilizofungwa mfululizo. 90 V zinatosha, sogeza tu volyumu mbele kidogo. Kelele iliyobaki baada ya hapo ndiyo yako mwenyewe.